Musimu Mmoja wa Viazi Juu ya Mawe

Wamama wapendwa, na ninyi wapapa wachache mulioketi karibu na mulango kama watu wanaotaka kukimbia, amani iwe kwenu. Nimeombwa nisimame kwa sababu juma lililopita nilitaja hapa kanisani neno moja tu, viazi, nikaanza kulia mbele ya watu. Leo nitasema yote. Nikilia tena, musiniletee maji, muniache nimalize.

Mimi nilizaliwa hapa Goma. Ni mutoto wa mawe ya volkano, jembe sikulijua, kazi yangu ilikuwa cherehani. Kisha nikaolewa upande wa Rutshuru, kwenye ule udongo mweusi munaoujua, ukidondosha mbegu bila kutaka inaota. Kule mama mukwe wangu alikuwa mulimaji wa viazi, na si mulimaji wa mchezo. Yeye shambani, mimi ndani nashona. Hatukugombana, lakini kupendana pia hapana. Munajua ile namna: umeamka, nimeamka, basi, kila mutu na kazi yake.

Halafu vita ikaja. Sitasema waasi gani, maana ninyi wengine mulikimbia waasi wengine, miaka mingine, na hadithi zetu zinafanana. Bwana wangu aliuawa njiani akirudi nyumbani. Tulimuzika haraka pembeni ya shamba, na kesho yake tukakimbia. Viazi vilikuwa tayari kuvunwa. Tuliviacha katika udongo, na yeye tukamuacha pale pale.

Hapa tukapata chumba kimoja nyuma ya kambi ya wanajeshi ya Katindo, mimi na mama mukwe, wajane wawili wasiojua kuongea. Nyuma ya chumba kulikuwa na nafasi ndogo ya mawe meusi ya volkano. Mimi nikawa nafua nguo kwenye nyumba za Himbi, karibu na ziwa. Yeye akawa anakaa juu ya jiwe, uso kaskazini, upande wa Rutshuru, asubuhi mpaka jioni. Nikanunua viazi nimupendeze. Akasukuma sahani. Alisema tangu azaliwe hajawahi kula kiazi cha kununua, na hataanza uzeeni. Ninyi wa Rutshuru munacheka, munajua hiyo aibu. Lakini chakula kingine pia alikuwa anakionja tu, na kitenge chake kikaanza kumuzunguka mara mbili.

Na mimi, ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilikuwa nimeanguka vilevile. Nilikuwa nafua, nalala, nafua. Bwana wangu sikuwa nimemulilia bado. Kuomba niliacha. Nikija hapa kanisani, nilikuja kwa sababu kuna benchi.

Siku moja narudi kutoka Himbi, chumba kitupu. Jirani akaniambia amemuona mama mukwe na furushi lake akielekea parkingi ya magari ya Rutshuru. Wakati ule njia ile ilikuwa na wanajeshi, mbele kidogo waasi, na watu walikuwa wanapanda gari hatuwaoni tena. Nilikimbia na mikono yangu bado inanuka sabuni. Nikamukuta ndani ya minibasi, dirishani, furushi mapajani, ametulia kabisa.

"Viazi vyangu vinaoza," akaniambia, "na mutoto wangu yuko peke yake. Niambie nitafanya nini huku kwenye mawe."

Hata Zaburi moja haikunijia, Mungu anisamehe. Nilichokuwa najua ni kwamba akienda atakufa, na mimi katika dunia hii sina mutu mwingine aliyemupenda bwana wangu. Ndipo maneno yakatoka yenyewe.

"Mama, nifundishe kulima viazi. Musimu mmoja tu. Vikikataa, nitakusindikiza mimi mwenyewe mpaka kaburini kwake."

Dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari. Mama mukwe akashuka. Hakunishika mukono, hakusema asante. Akanipa furushi lake nimubebee.

Lakini ahadi ni deni, na hiyo niliitoa mbele ya gari zima. Viazi vikikataa tungerudi kule sisi wawili, na nilijua kule kuna nini.

Tulienda sokoni kuchagua mbegu. Mbegu ya kiazi ni kiazi chenyewe, kidogo kama yai la kuku, kilichoanza kutoa macho. Yeye aliviinua kimoja kimoja na kuwakaripia wauzaji, na mimi nyuma yake nafurahi, maana ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikipanda. Tukarudi, akapanda kama kwao. Jembe likagonga jiwe. Akahama kidogo, likagonga jiwe. Akakwangua udongo uliokuwepo, hauzidi kina cha kidole, akatengeneza matuta mazuri kabisa na kupanda hivyo hivyo. Viliota. Tukaviangalia, tukafurahi. Kisha mvua ikakatika siku kadhaa, jua likapiga, mawe yakapata moto kutoka chini, na majani yote yakalala kama mboga iliyotiwa maji ya moto.

Mama mukwe aliingia ndani, nikamusikia anaanza kukunja vitenge vyake. Mimi nikakaa nje juu ya mawe.

Jirani yetu wa ukuta wa pili alikuwa muzee mumoja Mwislamu, wazazi wake walitoka Maniema, zamani alikuwa dereva wa malori. Tulikuwa tunasalimiana tu. Siku ile alikuwa anatawadha, akayaona majani yale, akaja taratibu.

"Mumepanda kama watu wa Rutshuru," akasema, "munachimba kwenda chini. Hapa chini hakuna kitu. Hapa chini ni nyumba yangu."

Nilidhani ananichekesha kwa sababu ya huzuni. Hapana. Volkano ilipomwagika mujini, moto ulifunika nyumba yake ya kwanza yote na bati. Alirudi mawe yakiwa bado na joto, akajenga juu yake. Nyumba, kitanda, cherehani ya muke wake, vyote vilikuwa chini ya miguu yangu. Akasema huku Goma mutu anapanda kwenda juu.

Akaanza kupanga mawe kwa mikono yake, duara, moja juu ya lingine, mpaka kimo cha goti. Ndani chini, majani na maganda ya jikoni. Juu yake udongo kidogo, ndipo mbegu. Muche ukipanda kiganja kimoja, unaongeza udongo, unaacha kichwa chake nje. Ukirefuka tena, unaongeza tena. Viazi vinazaa humo humo ndani ya ule udongo wa kuongezwa.

Mama mukwe akatokea mulangoni, kitenge kimoja bado mukononi. Akasikiliza. Kisha akasema udongo huo mwingi utanyonga majani. Muzee akasema hautanyonga. Mama mukwe akasema yeye alilima viazi huyu muzee akiwa bado hajaota ndevu. Muzee akasema pengine, lakini si juu ya volkano. Walibishana mpaka jua likazama, na mimi nikaingia ndani pole pole na kukunjua vile vitenge.

Mbegu chache zilikuwa zimebaki kwenye kikapu. Udongo ndio ulikuwa haupo. Pale Himbi ninapofua kulikuwa na papa mumoja mutunza bustani, akakubali nichukue majani anayofyeka na udongo wa pembeni. Kila jioni nilibeba bidoni, dumu la plastiki lililokatwa, kichwani, mpaka Katindo. Watu njiani walinicheka, wenzangu wanabeba unga, mimi nabeba uchafu. Mama mukwe akawa ananingojea. Mwanzo alikuwa anangojea udongo, si mimi, tusidanganyane. Anatia mukono, ananusa, anasema huu ni muzuri, huu wa leo si kitu. Halafu jioni moja akauliza kama nimekula. Jioni nyingine akaniona nashika shingo, akaniketisha, akanipaka mafuta na kunikanda pale muzigo uliponiumiza. Alikuwa na mikono mikubwa, migumu, yenye joto. Tangu bwana wangu afe hakuna aliyekuwa amenigusa.

Viazi vikatoa maua. Muliwahi kuangalia ua la kiazi? Ni dogo, jeupe, lina kitu cha njano katikati, halijisifu. Mama mukwe akachuma moja, akaniambia bwana wangu akiwa mutoto alikuwa anamuletea maua hayo shambani, na yeye anamugombeza kwa kuharibu viazi. Akasema, "Ningejua, nisingemugombeza." Ndipo akalia, mara ya kwanza tangu tumuzike, na mimi nikalia, tumeshikana pale juu ya mawe. Ule ndio ulikuwa musiba wa bwana wangu. Mpaka siku ile hatukuwa tumeufanya.

Majani yakageuka njano. Tukamwita muzee, tukabomoa mawe, viazi vikaporomoka mpaka miguuni petu, visafi, vya rangi ya waridi. Beseni moja, wapendwa, na halikujaa. Kwa mutu wa Goma ni muujiza. Kwa mulimaji wa Rutshuru ni chakula cha kuku. Nikaogopa. Je, vilikubali au vilikataa? Ni yeye wa kusema, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Akavichemsha na maganda yake. Sahani ya kwanza ikaenda kwa muzee. Kisha akaketi akala, kimoja, akachukua kingine, akala akashiba. Mimi natazama tu. Alipomaliza, akainuka, akarudi kwenye beseni, akaanza kuvichagua vile vidogo vilivyo vizima. Akaviweka katika kikapu, akavifunika, akavisukuma chini ya kitanda, gizani.

Nikamuuliza hivyo ni vya nini.

"Ni mbegu," akasema. "Mwezi wa tisa utapanda nini, mawe?"

Nilitoka nje, nikapiga magoti pale pale, nikaomba. Mutu anayekwenda kufa hatengi mbegu.

Namushukuru muzee yule, ambaye hasali kanisani kwetu na bado alitumwa kwetu. Namushukuru papa wa bustani. Nawashukuru wamama wa kartie, wa mutaa wetu, muliotuletea maganda yenu ya jikoni bila kuuliza. Na funzo langu ni dogo kama ua la kiazi. Mukimuona mutu amekaa anatazama njia, musimuambie tu avumilie. Mumuombe awafundishe kitu anachokijua, na mushike kazi pamoja naye.

Kaburini kwa bwana wangu tulienda, baadaye, njia ilipofunguka. Tulipanda minibasi wawili, tukapalilia pale alipolala, na jioni tukarudi wawili, kwa sababu viazi vyetu vilikuwa vinangojea kuongezwa udongo.