Nani Atamsemea?

Benchi letu ni ubao juu ya matofali, mbele ya saluni ya kinyozi. Asubuhi ile tulikuwa watatu: kinyozi mwenyewe, tunayemwita Sheria kwa kupenda filamu za mahakamani, Soli fundi viatu, na mimi muuza kahawa. Jana yake tuliangalia filamu ya wakili na mteja wake, jamaa aliyeshtakiwa kuua, ambaye hakufungua mdomo hadi umeme ulipokatika. Mwisho hatukuuona, basi tukautunga.

— Kaua huyo, alisema Sheria. Mtu safi hanyamazi.

— Mkeo akikuuliza ulikuwa wapi, mbona unanyamaza? Soli akamjibu. Huyo jamaa anamficha mama yake, ndiye aliyeua.

— Mama yake alishakufa! Ulisinzia wewe.

— Basi ni mtoto wa wakili. Hukuona masikio yao?

— Kwa masikio, hata hakimu ni ndugu yao. Tena hakimu ndiye muuaji! Anavyogonga ile meza, mkono umezoea nyundo.

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Dada mmoja mwenye bahasha ya kaki alikuwa amesimama kando, akidhani kweli tunajua sheria.

— Samahanini kaka zangu. Mdogo wangu anapandishwa kizimbani leo saa nne. Wanasema kaiba pampu ya maji kazini. Tangu utotoni akiogopa sauti hukatika, na wao wanasema kunyamaza ni kukiri. Wakili hana. Nani atamsemea?

Sheria akaweka mkasi wake chini. Mimi nikammiminia kahawa.

— Sijui, dada yangu, Soli alisema. Ila mahakama naijua ilipo. Twende tukaulize.

Soli na yule dada walirudi saa nane, wakatusimulia. Karani aliwaelekeza chumba cha msaada wa kisheria, na mama mmoja wakili akaacha chai yake, akashuka mahabusu. Mbele ya hakimu aliomba mteja wake apewe karatasi. Kijana akaandika ukurasa mzima: pampu iliharibika, yeye aliipeleka kwa fundi, na fundi ni fulani. Akapewa dhamana, fundi ataitwa wiki ijayo.

Kijana mwenyewe alikuwa nyuma ya dada yake, mrefu, kainamisha kichwa. Nikamsogezea nafasi, nikamuuliza sukari vijiko vingapi. Akafungua mdomo, sauti ikagoma. Tukangoja. Hata Sheria alingoja.

— Vi… viwili, alisema.

Dada yake akageuka upande wa barabara, akajifuta macho kwa ile bahasha.