Spana Namba Mbili: Risala ya Mafundi wa Chumba cha Injini kwa Mkurugenzi Mpya

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi. Meneja wa kiwanda. Wenzetu wa bodi, wa rangi na wa viti:

KARIBU

Hii ni mara yako ya kwanza kuingia chumbani kwetu tangu ukabidhiwe kiwanda. Karibu. Sakafu unayoikanyaga imepigwa deki mara mbili leo, lakini si kwa ajili yako. Hupigwa deki mara mbili kila siku, kwa kuwa punje moja ya mchanga ikiingia kwenye beringi inatosha kuiua injini. Viti tumeviazima kwa wenzetu, na wametuonya tusivipake oili.

TULIKOTOKA

Kiwanda hiki huunda upya magari ya spoti ya zamani: yale ya viti viwili, pua ndefu, yasiyo na paa. Bodi ni ya faiba, imetengenezwa jana, na mteja anajua kwamba ananunua nakala. Marehemu baba yako, tuliyemwita Mzee Sikio kwa sababu alisikiliza kila injini kwa bisibisi aliyoiegemeza sikioni, alituambia siku ya kwanza: "Sura tumeiga. Injini hatuigi. Ikinguruma kwa uongo, mteja atajua kabla hajafika kona."

Injini zetu huanza na bloku za chuma za pikapu zilizostaafu. Tumeulizwa mara nyingi kwa nini tusitafute mpya. Chuma kilichopashwa moto na kupoa kwa miaka ishirini kimeshamaliza kujikunja. Ukikichonga leo, kipimo cha leo ndicho utakachokikuta mwakani.

Injini moja hujengwa na fundi mmoja, tangu bloku tupu hadi inapowaka. Namba ya fundi hugongwa chini ya bloku, mahali ambapo mteja haoni. Kila kipimo huchukuliwa na watu wawili bila kuonyeshana, kisha huandikwa daftarini pamoja na namba ya kifaa kilichotumika. Siku ya kuwasha, kikombe cha chai kilichojaa huwekwa juu ya injini. Chai ikimwagika, fundi huyo anaosha vikombe vya chumba kizima kwa wiki nzima. Meneja amewahi kulalamika kwamba vikombe vyetu vina madoa. Tunaomba alichukulie hilo kuwa ushahidi wa ubora.

TULICHOFANYA

Kwa miaka kumi na moja tumejenga injini mia mbili na kumi na mbili. Zilizorudi ndani ya muda wa dhamana ni tatu. Ya kwanza iliendeshwa bila oili na daktari mmoja ambaye, alipoulizwa kuhusu taa nyekundu, alijibu, "Nilidhani ni pambo la enzi hizo." Ya pili ilifunguliwa na fundi wa barabarani aliyetaka kuiongezea mbio, akaiongezea moshi. Ya tatu, namba 208, ilirudi wiki mbili zilizopita ikigonga. Hiyo tutaieleza kwa kirefu, maana kosa ni letu.

TATIZO

Tumesoma barua yako. Inasema kwamba mwisho wa mwezi utaamua kama chumba hiki kifungwe na kiwanda kianze kununua injini zilizofungwa tayari kutoka nje, kwa sababu injini za mikono "hazina uhakika". Ulituletea moja ya mfano. Tuliipima. Si injini mbaya: silinda nne kati ya sita ziko sawasawa, mbili zimepishana kidogo kuliko tunavyoruhusu hapa. Tulipotaka kujua kwa nini, hatukupata wa kumuuliza. Haina daftari wala namba ya mtu.

Sasa namba 208. Tulipoifungua tulikuta bolti za mikono ya pistoni zimelegea. Daftari lilionyesha kwamba zilikazwa kwa spana namba mbili, ile ya kipimo, inayotoa mlio nguvu ya kukaza inapofika kiwango. Dada yetu wa vipimo, tunayemwita Bi Geji, aliilinganisha na namba moja. Ilikuwa inalia mapema, nguvu ikiwa imepungua kwa sehemu moja ya tano.

Bi Geji aliiweka mezani akauliza, "Nani kaiangusha hii?"

Fundi wa vali akamwambia, "Dada, spana haisemi."

"Spana imeshasema. Nangoja mtu."

Aliyeiangusha ni huyu anayekusomea. Ilianguka kutoka kimo cha meza. Nikaipangusa, nikaona haina mkwaruzo, nikairudisha drooni. Sheria yetu inasema kifaa kilichoanguka kipelekwe kwa Bi Geji kabla hakijashikwa tena. Naijua, niliibandika ukutani mimi mwenyewe. Chumba kimeamua kwamba risala hii niisome mimi.

Utaratibu wa watu wawili haukutuokoa, kwa kuwa wote wawili tulipima kwa spana ileile. Miaka kumi na moja hatukuliona tundu hilo. Tumeliziba: mpimaji wa pili sasa hutumia kifaa kingine.

Daftari lilitupa injini zote zilizopitia spana hiyo tangu siku ilipoanguka. Ni nne. Namba 207 na 209 tumeziita zirudi kiwandani, tumezifungua, tumeweka bolti mpya na kuzikaza upya. Namba 208 iko mezani, unaiona. Ya nne ni namba 210. Iko kwenye gari la kijani lililoegeshwa hapo nje, ulilokuja nalo asubuhi hii.

Tulipiga simu ofisini kwako mara mbili wiki hii. Tulijibiwa kwamba uko safarini na kwamba mambo yote ya mkutano yaingizwe kwenye risala. Tumeyaingiza. Ulipofika, Bi Geji alimweleza dereva wako. Dereva akapiga boneti kofi la upole: "Hii? Inaimba, dada!" Bi Geji akamjibu, "Na 208 iliimba, kaka."

Ukienda polepole, huenda kisitokee chochote mwaka mzima. Ukiikanyaga kwenye barabara ndefu, mkono wa pistoni unaweza kutoboa bloku. Hatukadirii, tunayo 208.

MAOMBI

Tunaomba spana mbili mpya za kipimo, na kibali cha kuzipeleka kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu.

Tunaomba chumba hiki kisifungwe. Hatuombi kwa huruma, wala kwa sababu ya Mzee. Injini za nje nazo zitakosewa siku moja, kwa kuwa nazo zinakazwa na watu. Kosa letu tulilipata kwa siku mbili, tukajua kifaa, tukajua magari, tukajua mkono. Huo ndio uhakika tunaoujua sisi.

Na tunaomba funguo za gari la kijani, sasa hivi, kabla ya makofi. Mwenzetu wa rangi atakurudisha nyumbani kwa pikapu ya kiwanda. Kazi ni ya siku tatu. Uje siku ya tatu, kikombe kitakuwa juu ya injini. Bisibisi ya Mzee Sikio ingali kwenye msumari wake, kushoto kwa mlango. Isikilize 210 mwenyewe, kisha utoe uamuzi wako.

Mungu akujalie barabara nyoofu, breki zinazoshika, na safari zisizo na kelele ngeni.

Ni sisi, mafundi kumi na mmoja wa Chumba cha Injini. Namba zetu ziko chini ya bloku.