Aliyefika Hapingwi

Mji Mpya, mjini Morogoro, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Prakash, kuna benchi la mbao lililokaliwa miaka mingi hata katikati limebonyea. Alasiri, Hamza akishatua birika lake la kahawa na sahani ya kashata, wenye benchi hujikusanya mmoja mmoja. Katiba yao ina kifungu kimoja tu: aliyefika hapingwi. Ukisema umefika Songea, basi habari za Songea ni zako, utakavyozisema ndivyo zilivyo. Kwa kifungu hicho mzee Rehani akapata jina la Gavana, maana miaka kumi na tisa sasa yeye ndiye mtu pekee wa benchi aliyefika ngome ya Bagamoyo. Hakuna aliyemdai ushahidi, mpaka benchi lilipokodi basi dogo, Kosta, la kwenda kuitembelea hiyo ngome Jumamosi, na Gavana akateuliwa kuwa mwongozaji. Leo ni Alhamisi, na kikombe chake cha kahawa kimepoa hajakigusa.

Tuseme ukweli: Gavana hajafika. Mwaka ule alipanda lori la kabichi za Mgeta liendalo Bagamoyo, lori likafia njiani, Msata, kabichi zikagawiwa bei ya kutupa pale barabarani, naye akarudi na gunia tupu. Benchi lilipomuuliza katoka wapi, akaona aibu kusema Msata. Ulimi ukateleza, na tangu siku hiyo haujasimama.

— Gavana, tupashe kabla hatujafika, akaanza Kasimiri, fundi viatu aitwaye Redio kwa kuwa hazimwi. Kuta zile zina unene gani?

Gavana akatanua mikono mpaka kiwiko kikamwingia Prakash mbavuni.

— Hivi. Na hapo mikono ndiyo imeishia.

— Mnaona? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale jamaa walishindwa kuziba ufa!

— Jamaa gani?

— Wote. Mwarabu alikuta ufa, hakuziba. Akamwachia Mjerumani, naye hakuziba. Akamwachia Mwingereza. Ukuta ukawa unanenepa tu.

— Redio, toa betri, akasema Prakash, ambaye benchi linamwita Bei Moja. Ukuta mnene ni wa kuzuia joto na risasi. Mimi nauza sementi, najua.

— Unauza, lakini umefika?

— Sijafika, Prakash akakubali, kwa kuwa katiba ni katiba.

Hamza akamimina kikombe cha pili.

— Mie nimesikia kuna handaki. Linaanzia chini ya ngome, linatokezea baharini.

— Baharini kufanya nini? Redio akaruka. Handaki linakuja huku! Mjerumani alichimba toka Bagamoyo mpaka Morogoro, ili akizidiwa apite na dhahabu zake chini kwa chini hadi milimani. Na ukipiga hesabu vizuri, limetokezea hapahapa, chini ya duka la Bei Moja.

— Ndiyo maana panya wa stoo yangu hawaogopi mtu. Kumbe ni askari wa mkoloni.

— Cheka tu, mzee baba. Aliye juu mngoje chini! Gavana, wewe si uliingia humo handakini?

Macho yote yakamgeukia. Gavana alijua hapo ndipo pa kunyamaza, lakini kunyamaza hakujawahi kumfaa.

— Niliingia. Nikafika katikati, mshumaa ukazimika, nikarudi.

— Katikati ni wapi?

— Kama Msata hivi.

Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli kwa miaka kumi na tisa, na jasho likamtoka.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando akingoja nafasi ya kusema. Benchi halikumjua.

— Shikamooni, wazee. Naitwa Rosa, natoka Matombo. Nimeelekezwa kwenu kwa ile orodha ya Kosta ya Bagamoyo.

— Marahaba, mwanetu! Sogea, sogea.

— Nataka kumwandikisha mama. Bibi yake mzaa mama aliwahi kufungiwa ndani ya ile ngome, akiwa mtoto, enzi za biashara ya watumwa, akajaliwa kurudi mlimani. Na sisi Waluguru ukoo ni wa mama, bila yule bibi sisi hatupo. Mama anataka tu apaone alipolazwa bibi yake. Sasa, magoti yake yamekwisha. Ngazi hapandi hata tatu. Nilitaka kuuliza: kuna ngazi? Nisimpeleke kote huko akaishia kulia mlangoni.

Redio akamwonyesha Gavana kwa kidole.

— Bahati yako. Mwulize huyu, alishafika.

"Hakuna ngazi" ilikwishafika ulimini kwa Gavana, tamu na nyepesi. Akamfikiria yule mama mzee wa Rosa na kanga yake ya safari, ameachwa nje kwa sababu ya neno lake. Akaona haya kuliko siku ile ya kabichi.

— Sijui, mwanangu. Sijafika. Mimi niliishia Msata.

Hamza akasahau birika, kahawa ikamwagikia kashata. Redio, kwa mara ya kwanza, alikosa mawimbi. Prakash ndiye aliyecheka kwanza, tena kwa upole.

— Tulijua, Gavana. Dereva wa lori lile alikuja kwangu kununua misumari kesho yake. Tulikuwa tunabishana tu kama utashukia njiani, Chalinze, au utaendelea na fiksi zako mpaka mlangoni.

— Mimi nilisema Chalinze, akasema Hamza.

Aibu ilimchoma Gavana mpaka masikioni, lakini akainua kikombe chake kilichopoa, akakimaliza. Rosa hakucheka.

— Basi kati yenu ni nani aliyefika, anijibu?

Redio akatazama viatu vya watu. Prakash akatazama duka lake. Hamza akafunika birika.

— Hakuna, akasema Gavana. Mwandikeni mama, na mimi niwekeeni kiti karibu naye. Ngazi zikiwapo, tutambeba.

— Na mkishindwa?

— Tukishindwa, nitakaa naye nje. Utaingia wewe, halafu uje utusimulie. Ila usiongeze kitu, mwanangu. Tafadhali usiongeze hata kidogo.