Domingas Zacarias Nantimbo, Mama wa Watatu

"Nipeni kompyuta za ofisi tatu zinazogombana, nitazipatanisha kabla mahindi hayajakomaa." Hayo Domingas Zacarias Nantimbo aliyasema mbele ya mkutano wa hadhara, Palma, Januari 2023. Watu walicheka. Mimi Hélio, mtoto wa kaka yake, nilicheka kuwashinda. Nimesoma informática, elimu ya kompyuta, mihula mitatu, na ajuaye nusu ndiye mwenye kelele.

Shangazi alizaliwa Awasse tarehe 9 Agosti 1984. Sekondari alisoma Mocímboa da Praia, kisha informática Pemba, akamaliza. Baadhi yetu tunaujua uzito wa neno hilo.

Mwaka 2009 dada yake Vitória alifariki, akaacha Aida wa miezi minne. Shangazi akamchukua. Kwetu mama mdogo ni mama, hakuna aliyeuliza. Mwaka uliofuata aliolewa na mwalimu Henrique, wakapata Cleide na Mashaka.

Kompyuta ndizo zilizouliza. Vita vilitutoa Awasse, karatasi zikaungua. Registo, ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, ilimjua Aida kuwa wa Vitória, kliniki ikamjua wa Domingas, shule ikamjua wa mjomba anayemsainia. Kwa mashine hao walikuwa watoto watatu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kupewa bilhete, kitambulisho cha taifa. Bila bilhete, Aida asingefanya mtihani wa darasa la kumi.

Shangazi, fundi wa kompyuta wa wilaya, hakuzilazimisha ofisi zibadili vitabu vyao. Alikaa na daftari kwenye foleni, akiuliza wanawake: kwenu mama ni nani, anayesaini ni nani? Majibu akaifundisha mashine inayosoma vitabu vya ofisi zote tatu. Mara ya kwanza alikosea; aliandika kwamba dada wa mama ni mama, basi. Mashine ikatii. Bibi Sabina wa Pundanhar, miaka sabini na moja, akaitwa kliniki ya wazazi. Akapiga simu.

"Domingas, nasikia nina watoto arobaini na mmoja. Huyo baba yao nimeshamwona?"

"Nisamehe, bibi. Mashine imejifunza heshima kabla ya akili."

"Basi ifundishe akili. Heshima iache hapo hapo."

Shangazi akatenganisha aliyezaa na anayelea, wote wakabaki mama. Mahindi yalikuwa mabichi bado Aida alipopata bilhete yake. Nilisoma kazi ile mara tatu, kicheko kikanikauka. Sijaona tena mashine ikisikiliza habari za ukoo kama mgeni aliyekaribishwa mkekani.

Figo zilianza kumsumbua Julai 2024. Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumanne, 11 Machi 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Aida.

Ameacha mume, na watoto. Jana Aida alifuata cheti cha kifo, akihofia kuandikwa mtoto wa dada. Karani Mussagy alibonyeza, karatasi ikatoka: Aida, Cleide, Mashaka. Watoto watatu, yeye wa kwanza. Aliisoma, akalipa.

Shangazi, umetupatanisha, Mungu akulaze pema.

Bei ya cheti ilikuwa meticais hamsini.