Waliofunga Mpaka

Noah ya abiria kutoka Mpui ilikuwa inakaribia mjini pale Kalista aliposikia mpaka unatajwa kiti cha nyuma, usingizi ukamruka. Mahindi yake yalikuwa yanamsubiri mnunuzi wa Zambia, na dumuzi walishaanza kuyatoboa.

"Serikali imefunga mpaka kwa kuogopa njaa, mzee wangu," alisema kijana mmoja, ofisa wa chama cha wenye viwanda vya unga.

"Njaa ya nani?" mzee jirani yake akamkatiza. "Wazambia tumeoleana nao. Mliotugombanisha ni ninyi, mnaoshinda mlangoni kwa waziri ili mahindi yabaki huku, mnunue kwa bei mnayotaka."

"Sisi tunashauri tu."

"Mbona mimi sijaulizwa ushauri?"

Kijana akacheka, kwa adabu kabisa. "Undeni chama chenu, mje Dodoma."

"Tukihamia wote Dodoma, nani atapalilia?"

Gari likasimama kituo cha Chanji, kabla ya kufika stendi. Kijana akashuka, akasema tu kwamba mwenye mahindi amfuate, ghala lao liko wazi.

Kalista alikuwa anakwenda stendi. Akaomba apishwe, akashuka nyuma ya kijana. Mzee akageuzia uso dirishani.