Neno Alilolichukia Marehemu

Ndugu wafiwa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, haya anayowasomea mdogo wake marehemu kwa niaba ya familia ndiyo maisha ya dada yetu tangu mwanzo, na tunawaomba mtege masikio kama yeye alivyotaka asomwe, yaani taratibu na bila kuruka ukurasa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, aliyekuwa fundi saa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, na mama alizoea kulalamika kwamba mtoto huyu angetumaliza sote kwa maswali.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi mwaka 1979, ambako aliwahi kuitupa dirishani riwaya nzima ya upelelezi, kwa kuwa muuaji alikuwa mtu aliyechomoza kurasa za mwisho, hajulikani katoka wapi. Aliadhibiwa kusafisha vyoo wiki nzima, akasafisha huku akinung'unika kwamba anayestahili adhabu ni mwandishi, aliyemhadaa msomaji.

Mwaka 1982 aliajiriwa mahakamani kama mpiga chapa, na huko, akichapa maneno ya mashahidi, akajifunza kwamba mwenye hatia hujibu swali ambalo hajaulizwa. Kutokana na kazi hiyo alitunga riwaya kumi na moja za upelelezi, zote kwa masharti yaleyale, kwamba mhalifu awepo tangu mwanzo, akila na kucheka na wenzake, kwamba dalili zote ziwekwe mezani mbele ya msomaji, na kwamba mwishoni msomaji ajipige kofi kwenye paji la uso, aseme kumbe nilikuwa na macho nisione. Neno moja alilipiga marufuku kabisa, nalo ni ghafla, ambalo kwake lilikuwa kichaka cha mwandishi mvivu.

Tarehe 4 Oktoba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, aliyeketi hapa mstari wa mbele, ambaye tangu siku ile tunamwita Twiga, kwani alitundika mapambo ya ukumbi mzima bila kupanda kiti, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Walijaliwa binti mmoja, ambaye sasa anajitegemea, na katika nyumba yao ya ghorofa wakabaki wawili tu. Mwaka jana Twiga alianza kuleta wanunuzi waikague nyumba hiyo, na marehemu aliwaambia mlangoni, huku akitabasamu, kwamba yeye humo atatoka amebebwa.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alisumbuliwa na mtoto wa jicho, akawa hathubutu kushuka ngazi za nyumbani bila taa, na alikuwa amepangiwa upasuaji tarehe 20 Machi. Alfajiri ya tarehe 14 Machi alianguka katika ngazi hizo, akafikishwa hospitali, akafariki asubuhi hiyo. Rasimu ya historia hii, aliyoiandaa shemeji mwenyewe, ilisema kwamba alianguka ghafla. Mdogo wake alipolifikia neno hilo, alirudi mwanzo wa rasimu, akaisoma upya taratibu.

Familia inamshukuru daktari wa zamu aliyempokea, ambaye anakumbuka kwamba alipouliza jina na umri wa mgonjwa tu, shemeji alimjibu kwamba balbu ya ngazini ilikuwa imeungua tangu jana yake. Tunawashukuru waandishi wenzake kwa kulala nasi msibani. Tunamshukuru kwa namna ya pekee jirani yetu fundi umeme, aliyekuja kwa hiari yake na ngazi ya mbao na balbu mpya, ili waombolezaji wasijikwae, akapanda, akaigusa ile ya zamani, akaikuta imelegezwa, akaikaza kwa vidole, ikawaka. Balbu mpya alirudi nayo mfukoni, na tulipomuuliza iliwezaje kulegea, alitazama dari, akatazama mlango wa chumba cha shemeji, akasema yeye ni fundi tu.

Mazishi ya saa tisa leo, ambayo shemeji ameyahimiza sana, hayatafanyika mpaka mwili uchunguzwe, na hilo limeombwa na binti yake marehemu, ambaye tangu asubuhi ameketi na askari wawili pale karibu na geti. Tunamwomba Twiga asiinuke kwa sasa, maana akisimama yeye, hakuna asiyemwona.

Lala salama, dada. Lile neno tumelifuta.