Ghumur wa Timia, Aliyezungumza na Ngamia Mbele ya Mkwewe

Marehemu Ghumur alizaliwa karibu na Timia, katika milima ya Air, kiangazi cha mwaka 1938. Siku yenyewe mama yake hakuikumbuka. Alikumbuka tu kwamba mbuzi walikuwa wamekauka maziwa.

Shule aliiona msimu mmoja. Akiulizwa swali mbele ya wakubwa alinyamaza, mpaka mwalimu akauliza, "Hivi huyu ana ulimi kweli?" Alikuwa nao.

Kazi yake ilikuwa kuitangulia misafara ya chumvi ya Bilma na kutafuta visima vilivyofukiwa na mchanga. Aliutia mchanga mdomoni, akautafuna kuonja unyevu, akautema. "Hapa bado," akasema, akaendelea.

Mwaka 1963 alimwoa Tanelher, binti wa Efellan, kiongozi wa msafara. Hapo ndipo taabu ya Tanelher ilipoanza. Mwanamume hamsemeshi baba mkwe wake uso kwa uso, wala hafunui mbele yake mdomo uliozibwa na kilemba; kwetu hilo linajulikana. Lakini wenzake wote hulegeza kidogo. Ghumur hakulegeza hata uzi.

Msimu wa chumvi wa 1971, viriba vya maji vilikauka njiani. Ghumur alitangulia, akakipata kisima, akarudi mbio, akamkuta mkwewe anaugeuza msafara upande mwingine. Si angesema tu! Akamwinamia ngamia wake.

"Rafiki yangu, maji yako nyuma ya lile tuta jeupe. Hawa wanakupeleka kufa."

Efellan akasikia, akawaka. "Mimi nifuate umbea wa ngamia? Sema na mimi, bwana! Adabu yako tutaijaza viribani?"

Ghumur akajifunika kilemba mpaka machoni. Jua kali, watu ndimi zimevimba, na hao wawili wamenuniana! Mwishowe Efellan akageuka, akampa mgongo.

"Ngamia, mwulize huyo punda: kulia au kushoto?"

"Ngamia, mwambie mzee kushoto."

Walichimba, maji yakatoka. Wakanywa wote isipokuwa yeye aliyeyapata. Alingoja mkwewe apotelee nyuma ya tuta. Tanelher aliposimuliwa alitupa mwiko chini. "Mungu wangu, nimeolewa na ukuta!"

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1997. Asubuhi ya Jumanne, 9 Machi 1999, homa ilimkausha kabisa. Tanelher alileta bakuli la maji, lakini Efellan alikuwa ameketi humo hemani, na mgonjwa akavuta kilemba juu ya mdomo.

"Baba, toka kidogo. Mwenzangu ana kiu."

"Sitoki. Nikitoka sitamkuta."

Tanelher alitamani kuwapiga wote wawili kwa lile bakuli. Ndipo mzee akashusha kilemba chake mwenyewe mpaka kikamziba macho, akageukia mlangoni alipofungwa ngamia.

"Ngamia, mwambie mwanangu anywe. Sioni kitu."

Hakuwahi kumwita mwanangu. Ghumur alifunua mdomo, akanywa mpaka bakuli likaisha. Adhuhuri haikumkuta.

Ameacha mjane, Tanelher, watoto, Raishatu na Mokha, wajukuu saba, na baba mkwe, Efellan, ambaye tangu asubuhi ile hasemi na mtu ila ngamia.

Mungu ampe Ghumur kivuli na maji, anywe bila kuona haya.